Mguu Uumao Katika Mwendo

Nimepewa nafasi ya kusema nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huuona kila siku barabarani, wala hatuutambui kuwa ni ugonjwa. Ni yale maumivu ya mguu yampatayo mtu akiwa katika mwendo, yakamwacha mara asimamapo. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu, si daktari. Haya nitakayoyaeleza nimeyasoma katika vitabu vya udaktari, na pale nilipokwama nimewauliza madaktari wenyewe. Nayasema kwanza kwa ajili ya watu wa Tunduma, Vwawa, Mlowo, Kamsamba na milima ya Ileje, yaani mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Lakini mshipa wa damu hauna kabila, na aliye Mwanza au Tanga asifunge redio yake.

Tazameni hapo Tunduma, penye mpaka wa Zambia. Mji ule ni mji wa miguu. Malori yamepanga foleni kuelekea Nakonde, na katikati yake watu waenda na kurudi: huyu asukuma mkokoteni wa magunia, yule amejitwika beseni la ndizi, mwingine ni mzee aendaye tu kumjulia hali ndugu yake wa ng'ambo, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Katika watu hao utamwona mmoja, aghalabu amepita miaka hamsini, ambaye huenda vizuri hatua mia moja au mia mbili, kisha husimama. Hasimami kwa kukosa pumzi. Shavu la mguu limemkaza kana kwamba limebanwa kwa koleo. Kwa kuwa aona haya kusimama bure njiani, hujifanya anatazama vitenge vilivyotundikwa dukani, au humwita mpita njia na kumwuliza habari za nyumbani. Baada ya dakika mbili tatu maumivu yamekwisha. Aendelea, na baada ya hatua zile zile asimama tena. Wajerumani, ambao nao wana wazee wa namna hii, waliupa ugonjwa huu jina la utani: ugonjwa wa madirisha ya maduka.

Akifika nyumbani huambiwa kuwa ni uzee. Jirani husema ni baridi yabisi. Wako na wasemao kwamba amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Naye, kwa shauri la hao wote, afanya jambo moja ambalo kila mwenye maumivu hulifanya: aacha kwenda. Humtuma mjukuu sokoni, yeye akakaa barazani. Hapo ndipo alipojipotezea dawa iliyo bora kuliko nyingi, isiyouzwa, na iliyokuwa katika miguu yake mwenyewe. Nitaieleza, lakini kwanza yatupasa kujua ni nini kinachouma.

Damu itokayo moyoni husafiri katika mishipa yenye kuta nene, iitwayo ateri. Ile irudiyo moyoni hupita katika mishipa laini zaidi, nayo huitwa vena. Tukiongea habari za mguu huu, twaongea habari za ateri. Katika ukuta wake wa ndani mafuta hujikusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha yakachanganyika na chokaa na makovu, hata njia ya damu ikawa nyembamba. Mtu akiwa ameketi, misuli ya mguu huhitaji damu kidogo, na hata mshipa uliozibika nusu huweza kuileta. Akianza kwenda, misuli ile ile hudai damu mara kadha zaidi. Mkulima wa kahawa wa Mbozi mwenye mpira wa kumwagilia miche ataelewa upesi: ukiukanyaga mpira kidogo, maji ya kujaza kikombe bado yatatoka, lakini kitalu kizima hakitanyweshwa. Msuli uliokosa hewa safi iletwayo na damu hulia kwa njia yake, na kilio hicho ndicho yale maumivu. Ukisimama, madai yapungua, deni lalipwa, mguu wanyamaza.

Mahali panapouma huonyesha mahali palipoziba. Likiuma shavu la mguu, mara nyingi mshipa wa paja ndio wenye kosa. Yakiuma matako na mapaja, shida iko juu zaidi, tumboni au nyongani, na kwa wanaume wa namna hii nguvu za kiume nazo hupungua. Wengi huona haya kumwambia daktari jambo hilo, ijapokuwa ni dalili imfaayo sana.

Waliotangulia kuueleza ugonjwa huu sawasawa hawakuutazama kwa mtu. Mwaka 1831 daktari wa wanyama wa Kifaransa, Bouley, alieleza habari za farasi wa kuvuta gari ambaye kila akienda kidogo alichechemea, akapumzika, akawa mzima, akachechemea tena. Alipokufa, mishipa mikubwa ya miguu yake ya nyuma ilionekana imeziba. Mwaka 1858 Mfaransa mwenzake, Charcot, akaonyesha kuwa hayo hayo humpata binadamu. Tangu siku hizo jambo hili si siri tena, na uchawi hauhitajiwi katika kulieleza.

Ni nani apatwaye? Wa kwanza ni mvuta tumbaku. Sigara huikwaruza ngozi nyororo ya ndani ya ateri, huifanya damu ipende kuganda, na kuibana mishipa midogo. Wa pili ni mwenye kisukari. Kisha mwenye shinikizo la damu, mwenye mafuta mengi ya kolesteroli katika damu, mwenye figo dhaifu, na kila mtu kwa kadiri umri unavyosonga. Madereva wa malori wanisikie vizuri hapa, maana wengi wao hukaa saa nyingi kitini na sigara mkononi. Tena uko ugonjwa mwingine wa jamaa hii, ulioelezwa na Buerger huko New York mwaka 1908, uwapatao hasa vijana wavutao tumbaku kabla hawajafika miaka hamsini. Huziba mishipa midogo ya vidole vya miguu na mikono. Kwa huo, dawa ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa. Asiyeacha hukatwa kidole, kisha kingine.

Zamani tulizoea kusema kuwa maradhi haya ni ya watu wa Ulaya wenye kula siagi. Sasa usemi huo haufai. Hesabu iliyofanywa kwa ajili ya mwaka 2015 ilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 230 ulimwenguni wana mishipa ya miguu iliyokuwa myembamba, na walio wengi wako katika nchi zisizo tajiri. Hapa kwetu, uchunguzi uliotangazwa mwaka 1989 katika vijiji sita vya Tanzania ulikuta kisukari kwa watu wasiofika 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta wapata 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Watu waliopimwa na namna ya kupima havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe hesabu hizo kana kwamba zimetoka katika mizani moja. Lakini hakuna atazamaye zahanati zetu asiyeona upande mambo yanakoelekea. Penye kisukari, mguu hufuata nyuma.

Si kila mguu uumao ni wa namna hii. Maumivu ya goti au nyonga huanza kwa hatua ya kwanza, na siku nyingine hayapo. Uti wa mgongo ukibana neva, mtu huuma akisimama tu, wala hapati nafuu mpaka aketi au ainame mbele. Mguu wa mshipa ulioziba una desturi kama saa: huuma baada ya mwendo ule ule, upesi zaidi katika kupanda mlima, nao hupata nafuu kwa kusimama tu, bila kuketi. Mtu wa Ileje, ambako njia nyingi ni za kupanda na kushuka, ataujua mapema kuliko mtu wa bonde la Momba.

Kipimo chake ni chepesi. Daktari hutafuta mapigo ya damu kwa vidole, juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Kisha hupima shinikizo la damu mkononi, akalipima tena kwenye kifundo cha mguu kwa chombo kidogo kisikilizacho mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, akagawanya la pili kwa la kwanza. Tufanye hesabu kama darasani. Mkono umetoa 140, kifundo kimetoa 84. Ukigawa 84 kwa 140 wapata 0.6. Kwa mtu mzima hesabu hiyo hukaribia 1 au huizidi kidogo, ikiwa 0.9 au chini yake, mshipa umepungua upana. Ikizidi 1.4, usishangilie, maana kuta za mishipa zimekuwa ngumu kwa chokaa, jambo litokealo sana kwa wenye kisukari, na hapo hutafutwa kipimo kingine. Kipimo hiki hakina kisu wala sindano.

Nataka sasa kuwatajia mgonjwa mmoja mashuhuri, maana habari yake ina mafundisho mengi. Ni Mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyekuwa mfalme wakati nchi ya Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Waingereza. Mwaka 1948 miguu yake ilianza kumkaza na wayo kufa ganzi. Mwezi wa Novemba safari yake ya Australia na New Zealand ikaahirishwa, na madaktari waliogopa kuwa mguu wa kulia utakatwa. Tarehe 12 Machi 1949 bingwa wa upasuaji kutoka Edinburgh, James Learmonth, alimpasua katika jumba lake la Buckingham. Hakuuzibua mshipa. Alikata nyuzi za neva karibu na uti wa mgongo, zile ziamuruzo mishipa midogo ijibane, ili damu ipite kwa upana zaidi kwenye ngozi. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya siku zile. Mguu haukukatwa. Siku hizi upasuaji huo hautumiki tena kwa mtu aumwaye katika mwendo, maana imeonekana kuwa hupasha ngozi joto lakini hauletei msuli damu unayoitaka.

Lakini angalieni mwisho wake. Mfalme alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Mwaka 1951 alitolewa pafu lenye saratani, na tarehe 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa safarini Kenya, alifariki usingizini kwa damu kuganda katika mshipa wa moyo. Hakuuawa na mguu. Na ndivyo ilivyo kwa wagonjwa walio wengi wa namna hii. Katika watu waumwao shavu la mguu waendapo, wachache, wasiofika watano katika mia, ndio wakatwao mguu katika miaka mitano. Waangukao kwa moyo au kwa kiharusi ni wengi zaidi. Ateri ni mtandao mmoja. Iliyoziba pajani ina ndugu zake kifuani na shingoni.

Kwa hiyo matibabu huanza na mambo ambayo kwa kuyatazama huoni kama yanahusu mguu. Kuacha tumbaku, ya sigara na ya ugoro. Kutuliza shinikizo la damu na sukari. Kumeza dawa ya jamii ya statini ipunguzayo kolesteroli, na aspirini au klopidogreli izuiayo damu kuganda, kwa amri ya daktari. Dawa hizi humezwa kila siku kwa miaka, hata siku mtu ajionapo mzima. Nawajua watu wamezao vidonge vya wiki mbili wakaviacha, kana kwamba vilikuwa vya malaria.

Sasa tuje kwenye kwenda kwa miguu. Mwaka 1898 daktari Mjerumani, Erb, alikwisha kushauri mazoezi kwa wagonjwa hawa, lakini wengi waliendelea kuwaambia wapumzike. Mwaka 1966 madaktari wawili wa Denmark, Larsen na Lassen, walijaribu kwa kulinganisha: wengine walipewa mazoezi ya kila siku, wengine vidonge visivyo na nguvu yoyote. Waliofanya mazoezi waliongeza mwendo wao. Tangu hapo majaribio mengi yamefanywa, na yakikusanywa pamoja huonyesha kuwa mgonjwa wa kawaida hupata wapata mita 80 zaidi kabla ya kuanza kuumwa, na mita 120 zaidi kabla ya kulazimika kusimama. Mtu mwenye afya ataona mita 120 ni kitu kidogo. Kwa yule aliyekuwa akisimama kila mita 100, ni tofauti kati ya kufika msikitini au kanisani na kutofika.

Namna yake ni hii. Chagua njia iliyo sawa, isiyo na magari mengi. Tunduma hilo si jepesi, lakini uwanja wa shule asubuhi wafaa, wala si juu ya mataruma ya reli ya TAZARA kama nilivyoona wengine wakifanya. Enda kwa mwendo ambao utaleta maumivu katika dakika tatu hadi tano. Yakianza, usisimame mara moja. Endelea mpaka yawe makali kiasi, lakini si ya kukutoa machozi. Kisha simama au keti mpaka yaishe kabisa. Anza tena. Fanya hivyo mpaka dakika zote, pamoja na za kupumzika, zifike thelathini, na baada ya wiki kadha ziongezeke hadi hamsini. Siku tatu kwa wiki ndiyo kadiri ya chini. Wiki kumi na mbili ndiyo muda wa kwanza wa kupima faida, ingawa miezi sita ni bora. Mabadiliko hayaonekani wiki ya kwanza, wala ya tatu, na hapo ndipo wengi huacha.

Swali ambalo wanafunzi wangu huliuliza ni hili: kama maumivu ni kilio cha msuli, mbona tunauliza tena? Jibu ni kwamba maumivu haya hayaupasui msuli wala kuujeruhi. Kila msuli unapopungukiwa kidogo kisha ukapumzishwa, hujifunza kutumia vizuri hewa chache uliyo nayo. Ngozi ya ndani ya mishipa hupata wepesi wa kutanuka. Njia ndogo za pembeni zaweza kuongezeka. Na mtu mwenyewe hujifunza kwenda bila kutupa nguvu ovyo. Mshipa ulioziba haukuzibuka. Tusimdanganye mgonjwa katika hilo. Ni kama kijiji ambacho barabara yake kuu imefungwa, watu wakazoea vijia na kufanya kazi na kile kinachofika.

Matokeo yaliyo bora hupatikana mtu afanyapo mazoezi mbele ya mwangalizi aliyefundishwa. Uingereza, tangu mwaka 2012, mwongozo wa serikali wataka mgonjwa apewe kwanza saa mbili kwa wiki za mazoezi yaangaliwayo, kwa miezi mitatu. Kwetu mikoani hakuna darasa kama hilo kila wilaya. Lakini mwangalizi aweza kuwa muuguzi wa zahanati, au hata mjukuu mwenye daftari, aandikaye kila siku hatua ngapi babu amekwenda kabla ya kusimama. Mzee mwenye kuhesabiwa hatua haachi upesi. Aliye na maumivu ya kifua, kidonda mguuni, au maumivu yasiyoondoka hata alalapo, asianze mazoezi haya mpaka daktari amwone.

Na kisu je? Sitaki mtu anielewe kuwa nakidharau. Historia yake ni ya ajabu. Mwaka 1912 Alexis Carrel alipewa nishani ya Nobel kwa kuonyesha, pamoja na mengine, jinsi ya kushona mshipa wa damu usivuje. Mwaka 1946, mjini Lisbon, João Cid dos Santos aliufungua mshipa wa mguu akakwangua uchafu uliouziba, kama mtu akwanguavyo sufuria. Mwaka 1948, Paris, Jean Kunlin alichukua vena ndefu ya mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaishona juu na chini ya mahali palipoziba, damu ikapata barabara ya mchepuko. Vena ina milango midogo ndani iruhusuyo damu kwenda upande mmoja tu, kwa hiyo ilibidi kuigeuza, cha juu kiwe chini. Kazi hiyo hufanywa mpaka leo, na vena ya mtu mwenyewe bado hushinda mirija ya kutengenezwa, hasa mchepuko ukipita chini ya goti.

Njia ya tatu haikati sana. Tarehe 16 Januari 1964, katika mji wa Portland huko Marekani, Charles Dotter alimpokea bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vilikuwa vikioza naye amekataa katakata kukatwa mguu. Dotter alipitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, akautanua pale palipobana. Mguu ukapata joto, maumivu yakaondoka, na bibi yule akaendelea kwenda kwa miguu yake miwili. Miaka kumi baadaye, Zürich, Andreas Grüntzig alitengeneza mrija wenye puto nchani: huingizwa kwenye kinena, ukapelekwa hadi penye kizibo, puto likajazwa, mshipa ukapanuka. Mara nyingine huachwa ndani kibomba cha wavu wa chuma, kiitwacho stenti, ili mshipa usijifunge tena.

Ni ipi basi iliyo bora? Mwaka 2012 Wamarekani walitangaza jaribio la watu 111 ambao mshipa wao mkubwa wa chini ya tumbo au wa nyonga ulikuwa umebana. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa peke yake waliongeza dakika 1.2 za kwenda; waliowekewa stenti waliongeza 3.7, waliofanya mazoezi mbele ya mwangalizi waliongeza 5.8. Wale wa stenti hata hivyo walisema wajiona wazuri zaidi katika maisha ya kila siku, na hilo nalo si dogo. Mwaka 2015 Waholanzi, kwa watu 212, waliona kuwa kupanuliwa mshipa pamoja na mazoezi kulishinda mazoezi peke yake katika mwaka mmoja. Mimi nayasoma majaribio hayo hivi: aumwaye katika mwendo tu aanze na miguu yake mwenyewe, na dawa, na kuacha sigara. Ikipita miezi mitatu hadi sita ya kweli, wala si ya kusingizia, naye bado hawezi kufanya kazi yake, basi ana haki ya kupelekwa kwa bingwa wa mishipa. Kwa mtu wa Songwe hilo si shauri la asubuhi moja. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, wapata kilometa 100 kutoka Tunduma. Mashauri makubwa ya mishipa huelekezwa Dar es Salaam, palipo na Muhimbili na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, na huko ni zaidi ya kilometa 900. Kuna nauli, kuna malazi ya msindikizaji, kuna shamba lililoachwa. Tena puto na mchepuko huweza kuziba upya, upesi zaidi kwa avutaye. Mtu aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya stenti, kisha akawasha sigara kwenye kituo cha basi, amefanya biashara mbaya.

Lakini uko mguu ambao haufai kungoja wala kuzoezwa. Ni ule uumao usiku mtu amelala, akaushusha chini ya kitanda ili apate nafuu. Ni ule wenye kidonda kisichopona kwa wiki mbili, au kidole kinachobadilika rangi kuwa cheusi. Huo uko hatarini, na hapa kuletewa damu kwa puto au kwa kisu ndiyo njia ya kuuokoa. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba mgonjwa wa namna hii mwenye vena nzuri hufaidika zaidi kwa mchepuko. Hatari zaidi ni mguu ambao ghafula, katika saa moja, umekuwa baridi, mweupe, hauna mapigo, wafa ganzi na hauchezeki. Damu imeganda na kuziba kabisa. Msuli hauwezi kuvumilia zaidi ya saa sita hivi. Usiukande, usiufunge, tafuta gari usiku huo huo.

Mwenye kisukari yampasa kujua jambo moja zaidi. Neva zake zikifa, hahisi maumivu, hata mshipa ukiwa umeziba. Kwa hiyo asingoje kuumwa. Mwanzoni mwa karne hii Tanzania na India zilitangulia katika mpango ulioitwa Hatua kwa Hatua, wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wagonjwa hawa, na Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa viongozi wake. Waliyofundisha ni mambo madogo ya nyumbani. Tazama nyayo zako kila jioni, au mwambie mtoto akutazamie. Usiende peku. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa Mbozi na Tunduma waijua, usiweke miguu karibu na jiko la mkaa wala chupa ya maji ya moto, maana utaungua usijue. Usikubali kuchanjwa chale kwenye mguu uliopungukiwa damu. Jeraha jembamba kama uzi halina damu ya kulifunga.

Siku ya kwenda kwa daktari, msimwambie tu kwamba mguu wauma, maana miguu yote huuma. Mwambieni mwaumwa wapi, baada ya hatua ngapi, na maumivu huondoka kwa kusimama au kwa kuketi. Mwambieni mwavuta nini na tangu lini. Vueni viatu na soksi za miguu yote miwili hata kama hamkuambiwa, nanyi mwombeni aguse mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo.